Maswali yenu kuhusu gitaa la Jason Becker

Tangu niseme hapa kwamba katika albamu zote za gitaa naipenda zaidi Perpetual Burn, ya kwanza ya Mmarekani Jason Becker, iliyotoka mwaka 1988, simu yangu haijapoa. Nawajibu baadhi yenu.

Kaka, nimesikiliza nyimbo zote nane nikimsubiri mwimbaji aingie. Hakuingia! (Msomaji, Chikongola)

Hayupo, ndugu yangu. Nafasi yake imeshikwa na gitaa. Sisi tumekulia kwenye muziki wa dansi: maneno yakiisha, solo likachomoza na sebene ikakolea, nani huuliza mwimbaji kaenda wapi? Mbaraka Mwinshehe alituonyesha zamani kwamba nyuzi zinaweza kuzungumza. Anza na wimbo wa kwanza, "Altitudes". Usihesabu kasi ya vidole, fuata ule wimbo wenyewe unaotambaa juu. Ukiurudia mara tatu utaupiga mluzi ukielekea sokoni.

Mwanangu, kijana wangu anajifungia chumbani na huo muziki wa makelele. Wenzangu kanisani wanasema ni wa kishetani. (Mama, Masasi)

Shikamoo mama. Naomba uketi naye siku moja msikilize pamoja. Ngurumo unayoisikia ni ya metali, yaani mkwaruzo wa gitaa la umeme na ngoma nzito. Lakini mpangilio wa noti umetoka mbali: kwa Paganini, Mwitaliano aliyetikisa watu kwa fidla, na kwa Bach, Mjerumani aliyeongoza muziki wa makanisa ya Leipzig kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Mwombe akuwekee "Air", wimbo wa nne. Mwanzoni hakuna ngoma wala mkwaruzo, ni magitaa yanayopishana, moja likishuka jingine linapanda, kama sauti ya kwanza na besi kwenye kwaya yenu. Nina hakika utautambua undugu huo kabla yake.

Mimi ni mtu wa taarab. Mbona wapigaji hawa kuna mahali wananikumbusha udi? (Msomaji, Mikindani)

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, na masikio yako hayajakudanganya. Waliosoma nota za kwaya waimbe: la, ti, do, re, mi, fa, se, la. Hiyo "se" ni "so" iliyopandishwa nusu hatua. Sasa kati ya fa na se pamebaki pengo pana, nusu hatua tatu kwa mruko mmoja. Bach alilitumia pengo hilo, na wapiga gitaa wa mtindo huu wanalipenda mno, tangu Yngwie Malmsteen wa Sweden alipofungua njia kwa albamu yake Rising Force mwaka 1984. Ukianzia kwenye mi badala ya la, ukaimba mi, fa, se, la, umefika kwenye mlango wa hijazi, maqamu (yaani mpangilio wa noti) ambayo udi na fidla za taarab zimeitumia miaka yote. Kwa hiyo mtu wa Mikindani haingii kwenye muziki huu kama mgeni. Jaribu kuimba noti hizo nne polepole, kisha urudi kwenye albamu.

Anapigaje noti nyingi hivyo kwa mkono mmoja? (Mwanafunzi, Nachingwea)

Kwa kufagia. Piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, haigongi juu na chini kwa kila uzi, inaburutwa kupitia nyuzi zote kwa mwendo mmoja, kama ufagio. Kazi ngumu iko mkono wa kushoto: kila kidole kiachie uzi mara tu noti yake inapotoka, la sivyo zote zitalia kwa pamoja na kuwa uji. Anza polepole mpaka uone aibu. Kasi itakuja yenyewe.

Nimesikia huyo Becker hawezi tena kupiga. Ni kweli? (Msomaji, Lindi)

Ni kweli, na kila nikiandika habari hii moyo unanilemea. Alizaliwa 1969, kwa hiyo albamu hii ilitoka hajafikisha miaka 20. Muda mfupi baadaye alichukuliwa na David Lee Roth, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Van Halen. Ndipo mguu wa kushoto ukaanza kulegea. Madaktari wakasema ni ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli huku akili ikibaki timamu, wakampa miaka mitatu hadi mitano. Alimaliza kurekodi na Roth mikono ikiwa tayari imeanza kuishiwa nguvu, lakini ziara hakuweza kwenda.

Mikono ikanyamaza, kisha sauti. Baba yake akabuni namna ya kusoma herufi kwa mwendo wa macho ya mwanawe. Kwa macho hayo Becker ameendelea kutunga: albamu ya Perspective ilitoka 1996, na Triumphant Hearts 2018, ikipigwa na wapigaji wengine. Ile miaka mitano ya madaktari ilikwisha zamani sana. Mimi siwezi kuusikiliza wimbo wa "Air" bila kumwona kijana yule ambaye bado hajui lolote.

Nyuzi zangu zinashika kutu kila mwezi. (Msomaji, Shangani)

Ni chumvi ya bahari. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, na gitaa lilale kwenye mfuko wake, si ukutani karibu na dirisha.

Nina gitaa kavu tu. Naweza kujaribu chochote hapo? (Msomaji, Newala)

Mwanzo wa "Air". Tafuta mwenzako mwenye gitaa, wewe ushike sauti ya juu, yeye ya chini. Kila mmoja ajifunze yake peke yake kwanza, hadi aweze kuiimba kwa mdomo. Kisha kaeni mkitazamana, mpige taratibu, na anayekosea wote wawili mnarudi mwanzo.