Soma aya ya kumi kwanza

Mwezi wa Agosti 2021 nilitoa dola 50 ili Mungu anipe nyumba ndani ya miezi mitatu. Nalisema wazi kwa sababu najua hapa Goma kuna mama anayesoma haya akiwa na pesa kama hiyo kwenye fundo la kitenge chake, na kuna mtu amemwambia aende akapande mbegu, yaani atoe sadaka ili Mungu amrudishie zaidi. Mama, subiri kidogo. Nisikilize.

Zile dola zilikuwa zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Nilikuwa nimezipangia mashine ya kushonea, maana ya kwanza iliungua mtaani kwetu Buhene pamoja na nyumba, volkano ilipolipuka. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei. Jua limekwisha kuzama, mbingu juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ikawa nyekundu, tukashika watoto wanne, bidoni moja, na kopo la maziwa ya unga ninamowekea karatasi za kiwanja. Basi. Asubuhi tuliporudi kutazama, palikuwa na jiwe jeusi lililojaa mpaka kimo cha dirisha, na moshi unatoka kwenye nyufa zake. Mtoto wangu wa mwisho aliuliza kama kitanda chake kiko chini au kimekwisha. Sikumjibu.

Tulikaa kwa dada yangu, mtaa wa Majengo, ardhi inatetemeka usiku na mchana. Tarehe 27 ikaja amri ya kuhama, tukatembea kwa miguu hadi Sake, barabara nzima imejaa watu na magodoro vichwani. Usiku ule, kwenye baraza ya watu tusiowajua, nilijaribu kujiombea aya niliyoipenda tangu ujana, Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani wala si ya mabaya. Maneno yalikwama kooni.

Kwa hiyo mtumishi mmoja wa Mungu aliponiambia baadaye kwamba amani hiyo inakuja kabla ya miezi mitatu, nikitoa kwa imani, nilitoa. Miezi ikapita. Nilipomuuliza, alisema moyo wangu ulikuwa na mashaka. Neno hilo lilinichoma kuliko hasara ya nyumba, kwa sababu sasa nilikuwa nimepoteza nyumba na ilikuwa ni kosa langu.

Aliyenitoa pale ni mama mmoja mzee wa chumba chetu cha maombi. Alikuwa anachambua majani ya sombe, hakuacha hata kazi yake. Akasema, "Mwanangu, hiyo aya unayoililia, je, umeisoma na ile iliyo juu yake?"

Sikuwa nimeisoma. Miaka yote ile! Aya ya 10 inasema miaka sabini. Ahadi ile waliandikiwa watu waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Babeli, na wengi walioisikia ikisomwa walijua watazikwa kulekule. Nikarudi nyuma sura moja, nikamkuta Hanania, nabii aliyevunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia mbele ya watu na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatarudi. Nadhani watu walimpenda siku ile. Mimi ningempenda. Lakini Mungu hakuwa amemtuma.

Na je, katika miaka hiyo sabini Mungu aliwaambia wafanye nini? Wajenge nyumba. Wapande bustani, wale matunda yake. Waoze watoto wao, na wauombee amani mji walimo. Hayo yote yako katika barua ileile, aya chache kabla ya ile tunayoitarizi kwenye vitambaa. Tangu siku hiyo, ahadi yenye bei na tarehe ya karibu naiogopa, hata ikisemwa kwa machozi. Ibrahimu aliondoka Harani ana miaka 75, Isaka akazaliwa yeye akiwa na 100. Hakuna aliyemuuzia njia ya mkato.

Sisemi unyamaze. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza, na hakuna mahali alipoambiwa mwimbaji yule kwamba imani yake ni ndogo. Ukiwa huna ombi lingine, omba hilo. Mimi niliomba hilo tu karibu mwaka mzima, jikoni, nikipuliza makala, yaani makaa.

Na ukienda kwa aliyefiwa au aliyekimbia vita, tafadhali usimpigie aya halafu uondoke. Mpelekee makala, unga, sabuni. Kaa naye. Aya itakuja yenyewe siku nyingine, tena pengine yeye ndiye atakayekusomea.

Sehemu ninayorudia zaidi ni Yeremia 32. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na Mungu anamwambia anunue shamba kule Anathothi! Akapima shekeli 17 za fedha, akatia muhuri, akamwagiza Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Niliposoma hapo nilisimama nikatafuta kopo langu la maziwa. Karatasi zilikuwamo.

Januari 2025 vita vilipoingia mjini, mabenki yakafungwa, maji yakakatika, tukawa tunateka ziwani na kuchemsha. Watu wa chumba cha maombi walikuja na swali lilelile la zamani, hata lini, na sikuwa na tarehe ya kuwapa. Tulisoma barua ya Yeremia yote, kuanzia juu, kisha tukagawana unga uliokuwepo.

Mashine nyingine niliipata 2023, ya mkono, ninashona libaya (blauzi) za watu. Kiwanja bado ni mawe. Jumamosi tunakwenda na nyundo, mimi na baba watoto, tunavunja lava na kuipanga kuwa msingi. Upande mmoja umefika magotini. Udongo hakuna, kwa hiyo tulibeba wa kutoka kwingine tukaujaza magunia mawili, tukapanda lengalenga (mchicha). Gunia la kwanza nimelichuma mara tatu.