Wasomaji Wanauliza: Rangi ya Binti na Macho ya Ndugu

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Tabata. Binti yangu wa pili ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu akiwa mdogo ndugu zangu humlinganisha na dada yake ambaye ni maji ya kunde, na kila tukikutana kwenye shughuli mama yake mkubwa humwuliza mbele ya watu, kwa utani, huo mkaa ameurithi kwa nani. Hivi karibuni nilikuta kabatini kwake kopo la krimu lisilo na lebo. Nilimgombeza, nikalitupa. Baada ya siku chache uso wake ukavimba na kuwasha, na sasa hataki kwenda shule. Nimemwambia mara nyingi kwamba yeye pia ni mzuri, lakini hanisikii. Nifanyeje? — Mama wa Tabata

JIBU: Mama, tuanze na uso, kwa kuwa huo hauwezi kusubiri. Kinachouzwa mitaani kwa jina la mkorogo, cha kuchubua ngozi ili iwe nyeupe, ni mchanganyiko ambao mara nyingi hata muuzaji hajui vipimo vyake: losheni ya kawaida, krimu za hospitali zenye steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama klobetasoli, kemikali ya kung'arisha ngozi iitwayo haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki, ambayo ni sumu. Ngozi iliyozoeshwa steroidi kwa muda mrefu ikinyimwa ghafla huweza kuwa nyekundu, kuvimba na kuwasha, na ndiyo maana wengi hulirudia kopo wakidhani ndilo linalowaponya. Huenda ndicho kilichompata binti yako, ingawa mwenye kuthibitisha ni daktari. Mpeleke Hospitali ya Amana, iliyo karibu nanyi, na ikibidi mwombe rufaa ya kwenda kwa daktari wa ngozi Muhimbili. Aeleze bila woga alichopaka, mahali alipopaka na kwa muda gani. Asipokewe kwa karipio jingine. Mtoto aliyegombezwa huficha, na daktari hawezi kutibu kilichofichwa.

Ulizia pia kipimo cha figo, kwa sababu zebaki hupenya kwenye ngozi na figo ndizo huumia. Taulo na shuka alizotumia zitengwe, maana zebaki hushika kwenye nguo, na watoto ambao hawakupaka chochote wamewahi kudhurika kwa kuishi nyumba moja na mpakaji. Viambato hivi vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, lakini kopo linalojazwa nyuma ya duka halipiti mbele ya mkaguzi yeyote.

Sasa tuje kwenye maneno yako kwamba yeye pia ni mzuri. Yametoka kwenye mapenzi, wala sikulaumu, ila naona ndiyo sababu hayafiki. Binti aliyehukumiwa kwa rangi yake ukimwambia kuwa naye ni mzuri, unakuwa umekubali kwamba mahakama ile ilikuwa na haki ya kukaa, na kwamba unachokata rufaa ni hukumu tu. Yeye anajua kuwa kesho kesi itasikilizwa upya, kwenye sherehe nyingine na mbele ya shangazi wengine.

Madhara yake hayaishii kwenye ngozi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Barbara Fredrickson na wenzake, waliwapa wanafunzi wa chuo mtihani wa hesabu baada ya kuwavisha, kila mmoja peke yake mbele ya kioo, ama vazi la kuogelea ama sweta. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya kuliko wenzao wa sweta. Kwa wavulana vazi halikuleta tofauti hiyo. Hakuna aliyewatukana wala kuwatazama. Ilitosha kwamba sehemu ya akili ilikuwa imeshikwa na kazi ya kujitazama kwa macho ya watu wengine, na kilichobaki ndicho kilichofanya hesabu. Mfikirie binti yako darasani: jibu analijua, lakini kunyoosha mkono ni kuwageuzia watu arobaini uso ambao ameshaambiwa ni mkaa.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwa dada yako. Mfuate kwake, mkiwa wawili, umwamkie kama kawaida, kisha useme waziwazi: "Dada, nakuomba kwa heshima zote, rangi ya mtoto huyu isitajwe tena mbele yake, hata kwa mzaha." Atakwambia kuwa ni utani tu, na pengine atauliza tangu lini umekuwa mzungu. Hapo usimwachie. Utani kwetu una taratibu zake: Mzaramo humtania Mnyamwezi na Mnyamwezi humrudishia, mjukuu humwita bibi yake mke mwenza na bibi hucheka. Mtani ana ruhusa ya kujibu. Binti wa miaka 15 akimjibu mama yake mkubwa mbele ya wageni kuhusu tumbo lake au meno yake, ataambiwa hana adabu, na huenda akachapwa kibao. Maneno yasiyoweza kurudishwa ni kejeli ya mkubwa kwa mdogo, na wazee wetu wenyewe hawakuyahesabu kuwa utani. Akiendelea, ondoka na mtoto siku hiyohiyo, pilau liwe limepakuliwa au halijapakuliwa. Mtoto akuone ukiondoka.

SWALI: Mhariri, nina mabinti wawili wadogo. Mke wangu ananiambia kuwa kumsifia mtoto wa kike uzuri kunamharibu. Sasa siku ya Idi akivaa gauni jipya nisimwambie amependeza? — Baba wa Wawili, Mbagala

JIBU: Mwambie, kaka, tena kwa sauti. Gauni la Idi lina haki yake. Shida humpata msichana ambaye hasikii kingine. Wageni wakija kwako, sikiliza wanavyowasalimu watoto: mvulana huulizwa yuko darasa la ngapi na ni Simba au Yanga, dada yake huambiwa amenenepa, au amekonda, au nani kamsuka vibaya hivyo. Muulize na yeye habari za Simba na Yanga. Na mkiwa kwenye daladala, usimcheke abiria mnene aliyebanwa mlangoni, kwa maana binti yako aliye pajani anajifunza namna ambavyo na yeye atatazamwa akikua.

SWALI: Mhariri, nina stashahada ya utalii. Niliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa mjini. Tangazo lilitaka msichana "mwenye mwonekano wa kuvutia". Msaili alitazama vyeti vyangu, akasema viko vizuri, ila wageni wao wamezoea msichana mweupe kidogo. Je, nina haki yoyote? — Msomaji, Kinondoni

JIBU: Unayo, mwanangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, wa wazi au wa kificho, na rangi imetajwa humo kwa jina pamoja na jinsi, ujauzito, ulemavu na mengineyo. Kifungu hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kama mwajiriwa, hivyo mwajiri hawezi kujitetea kwamba ulikuwa hujaajiriwa. Ukishaonyesha ushahidi wa awali, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua unamhamia yeye. Kuhusu yale maneno ya "mwonekano wa kuvutia", unadhifu ni sharti la haki kwa kazi ya mapokezi, na anaweza kulitimiza mtu wa rangi yoyote. Waajiri wengi huchanganya unadhifu na weupe kwa makusudi.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro isiyohusu kuachishwa kazi muda ni siku 60, kwa hiyo usikae sana ukitafakari. Leo hii andika tarehe, saa, jina la msaili, waliokuwapo na maneno yake kama alivyoyasema, uhifadhi na tangazo lenyewe. Kisha utafute kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe kikusaidie kujaza fomu.