Maswali na majibu: kumlea mtoto kiimani shambani, jikoni na sokoni

Asanteni kwa meseji, wengi mmeuliza kitu kilekile kwa njia tofauti, yaani mtoto afundishwe imani saa ngapi wakati siku nzima ni kazi. Najibu hizi chache.

Nauza nyanya soko la Mwanjelwa, narudi usiku watoto wanasinzia, ibada ya nyumbani hainiwezekani. Niwaachie tu walimu wa sande skuli? (Mama, Uyole)

Pole na kazi mama. Hapana, usiwaachie, sande skuli ni muda mfupi kwa wiki na we unaishi nao. Soma Kumbukumbu la Torati 6:7, pale wazazi wanaambiwa waongee na watoto wakiwa wamekaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka, na hiyo ndo siku yako ilivyo. Jumamosi nenda na mmoja sokoni, akuone unavyopima, sado yako ya kupimia iwe haijabonyezwa kitako na nyanya zilizopondeka usizifukie chini, akiuliza kwa nini wengine wanafanya ivo na sisi hatufanyi mwambie Mithali 11:1, mizani ya hila ni chukizo kwa Mungu. Nakuhakikishia hilo atalibeba mpaka ukubwani. Usiku sala ya sentensi mbili inatosha kabisa.

Mvua zimekaribia tunaandaa shamba la mahindi. Nawasomea wanangu mfano wa mpanzi ila wanaboreka. (Baba, Makambako)

Baba we una darasa ambalo mwalimu wa mjini hana! Funga kitabu kwanza, nenda nao shambani. Waonyeshe pale watu wanapokatiza mpaka udongo umekuwa mgumu, pale penye mawe, na pale kwenye magugu, waulize wao mbegu ikidondoka hapa itakuwaje, waache wabishane. Wakimaliza ndo uwasomee Mathayo 13, utashangaa wanavyosikiliza maana udongo wenyewe wameukanyaga. Halafu mpe kila mtoto mstari wake apande mwenyewe, na kila asubuhi ataenda kuchungulia, wiki inapita, kwa baridi ya huko hata zaidi, hakuna kitu, atataka kufukua. Hapo usimkatalie kwa ukali, mpe Marko 4:26-29, mkulima amelala na kuamka na mbegu inaota yeye asijue imeotaje. Mtoto anajifunza kumngoja Mungu kwa kungoja kweli, na mi naona huku kusubiri ndo kugumu kuliko vyote na hatuwafundishi watoto hilo vya kutosha, tunawafundisha kuomba tu. Mkivuna msikombe shamba lote, acheni pembeni kidogo kwa jirani asiye na kitu kama Walawi 19:9 inavyosema, na anayepeleka taarifa kwa huyo jirani awe mtoto, kwa heshima, asimfanye mwenzake ajisikie ombaomba.

Mume wangu haendi kanisani kabisa, naogopa watoto watamfuata. (Mama, Tukuyu)

Dada, baba yake Timotheo, yule kijana aliyefanya kazi na mtume Paulo, alikuwa Myunani, Matendo 16:1, na imani Paulo anayoitaja kwenye 2 Timotheo 1:5 ilianza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, ndo ikamfikia yeye. Endelea. Ila usimseme baba yao mbele ya watoto, hata kwenye maombi ya sauti usimchome, wanasikia. Mwombeeni apone, afanikiwe, arudi salama, kama baba mpendwa.

Wajukuu wanakuja likizo ya mwezi wa sita kutoka Dar, wameshika simu muda wote. Nifanyeje? (Bibi, Kilolo)

Kamwene bibi! Mwezi wa sita baridi yenyewe itakusaidia, wataufuata moto jikoni wenyewe. Wape maharage wachambue huku unawasimulia, usianze na Musa, anza na wewe, ulibatizwaje, mwaka wa njaa mlikula nini na Mungu aliwavushaje, hayo hawayapati kwenye simu. Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingie chumbani wanakolala milango imefungwa, ile hewa yake inaua na haina harufu.

Mwanangu ana miaka 6, nampa mia mbili ya sadaka ananunulia pipi njiani. Nimchape? (Mama, Mafinga)

Usimchape. Hiyo hela ni yako, yeye ni kama kaibeba tu. Mpe kazi ndogo, aokote mayai, mkiuza umpe chake, yeye mwenyewe agawe mbele yako hiki cha kanisani na hiki cha pipi, pipi sio dhambi jamani. Msomee habari ya yule mjane wa Luka 21 aliyetoa senti mbili. Na Jumapili akuone na we ukitoa, tena umwambie ni shilingi ngapi.