Jibu: Karate na milima kwa mtu wa kompyuta

Ndugu yangu, umeuliza utapata wapi muda wa karate na kupanda milima ilhali kuandika programu hapa Kampala kunakula siku nzima. Mimi nafanya mazoezi alfajiri, kabla ya foleni ya magari. Jioni usiitegemee kabisa: seva ikigoma saa kumi na moja, basi karate imekwenda. Tena ukishinda kitini kutwa, nyonga hukaza. Zinyooshe taratibu ndipo urushe mateke. Mimi niliharakisha, nikaumia paja, nikakaa wiki tatu bila mazoezi. Mlima Elgon, wenye kilele cha Wagagai cha mita 4,321, unataka siku kadhaa, kwa hiyo omba likizo mapema. Wikendi za kawaida, msitu wa Mabira uko karibu, barabara ya Jinja.