Namba imekubali, lakini hii Gibson ni ya kweli?

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga gitaa la solo kwenye bendi moja hapa Morogoro. Kuna jamaa ameniletea Les Paul, lile gitaa la umeme la kampuni ya Gibson ya Marekani, anasema shemeji yake aliinunua Dubai. Kichwani imeandikwa Gibson, nyuma ya kichwa imegongwa Made in USA na namba 91258456. Anataka shilingi milioni mbili. Mwenzangu wa besi ameiangalia namba mtandaoni, anasema imekubali, nichukue. Mimi kinachonisumbua ni kile kifuniko kidogo cha kichwani, kina skrubu tatu, na nimeona picha zenye mbili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usitoe hela kwanza. Skrubu hizo tatu zinanitia shaka kuliko namba inavyonitia moyo.

Tuanze na namba, maana ndiyo iliyomshawishi mwenzako. Tangu 1977 magitaa mengi ya kawaida ya Gibson yalipewa tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano zinataja mwaka, ya pili hadi ya nne zinataja siku ya mwaka huo, na tatu za mwisho ni za mpangilio wa uzalishaji. Ya kwako inasomeka hivi: 9 na 8, yaani 1998, 125, yaani siku ya 125, tarehe 5 Mei, kisha 456. Tangu 1989 namba za mwisho kuanzia 300 zilikuwa za kiwanda cha Nashville, na zilizo chini ya hapo za kiwanda cha magitaa makavu, yaani yasiyotumia umeme, kule Bozeman, Montana. Kila kitu kinaingia mahali pake.

Lakini mwenye kughushi naye anaujua utaratibu huo. Ananakili namba ya gitaa halali na kuigonga kwenye magitaa hata mia. Namba ikisema siku ya 512, imejifichua yenyewe, japo hata hapo usihukumu haraka: mwaka 1994 zilianza na 94, magitaa ya karakana maalumu yana utaratibu wao, na mwaka 2005 tarakimu zikawa tisa. Ikisomeka vizuri, haijathibitisha chochote. Imetoa madai tu kwamba gitaa hili lilitengenezwa Nashville, Mei 1998. Kazi yako ni kuangalia kama mwili unayaunga mkono madai hayo.

Legeza nyuzi, chukua bisibisi, fungua kile kifuniko. Chini yake kuna ncha ya chuma kinachopita ndani ya shingo, kile kinachozuia shingo isipinde kwa mvuto wa nyuzi. Kwenye Les Paul ya Gibson utakuta nati ya shaba ya njano yenye pande sita, inayokazwa kwa spana boksi ya inchi 5/16, karibu milimita 8. Kwenye nyingi za bandia utakuta tundu la pembe sita la kuingiza ile spana nyembamba yenye umbo la L. Kifuniko cha Gibson kina skrubu mbili, juu na chini. Skrubu tatu ni za Epiphone nyingi, jina la bei nafuu la Gibson, na za viwanda vinavyoiga. Kifuniko hubadilishwa kwa dakika moja, ndiyo maana siku hizi bandia nazo zinakuja na skrubu mbili. Nati ni habari nyingine. Kuibadilisha kunamaanisha kuchimbua shingo upya, na anayeuza bei ya chini hawezi kugharamia kazi hiyo. Mimi hapo ndipo ninapoanzia siku zote.

Kisha pitisha kidole ukingoni mwa shingo. Ule ukanda wa plastiki unaopakana na ubao wa freti, vile vijichuma vinavyokatiza shingo, kwenye Les Paul Standard ya miaka ya 1990 hupanda kidogo na kuziba ncha ya kila freti, kama kijidonge. Ukikuta freti imepita juu ya ukanda hadi ukingoni, kuna mambo mawili: freti zilishabadilishwa na fundi, au gitaa si la Gibson. Angalia pia nyuma ya shingo karibu na kichwa. Shingo ya Gibson ya miaka hiyo imechongwa kwenye kipande kimoja cha mahogani, na pembeni mwa kichwa kuna vipande viwili vyembamba vilivyogundishwa. Mstari wa kiungo unaokata shingo kimshazari chini ya kichwa ni wa kiwanda kingine, isipokuwa kama kichwa kilivunjika kikaungwa, na Les Paul huvunjika sana hapohapo.

Mwisho fungua kifuniko cha nyuma penye waya. Potensiometa za Marekani, zile zinazozungushwa na vitufe vya sauti, ni kubwa, karibu milimita 24 kwa upana. Nyingi zimepigwa chapa: 137 ni ya kampuni ya CTS, halafu mwaka na wiki. 1379808 ni wiki ya 8 ya 1998. Kwenye Les Paul za wakati huo mara nyingi zimefungwa juu ya bamba la chuma. Ukikuta vidude vidogo vya milimita 16 vimening'inia kwenye waya mwembamba wa plastiki, funga kifuniko na urudishe gitaa.

Nisikuache ukidhani kila kilichotoka nje ya Marekani ni takataka. Epiphone ni mali ya Gibson tangu 1957, na nyingi zinatengenezwa Qingdao, China, zikiwa na jina lao halali kichwani. Squier, jina la bei nafuu la kampuni ya Fender, yenye namba inayoanza na ICS imetoka kiwanda cha Cort, Indonesia, na Fender yenye MN au MZ imetoka Ensenada, Mexico. Wajapani waliiga sana Les Paul miaka ya 1970, lakini waliandika Ibanez au Greco, si Gibson. Mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyokuwa inamiliki Gibson, iliishtaki Elger, msambazaji wa Ibanez nchini Marekani, kwa sababu ya umbo la kichwa tu, na wakamalizana nje ya mahakama. Magitaa hayo leo yanatafutwa kwa bei nzuri. Mimi ningekushauri ununue Epiphone au Pacifica ya Yamaha kuliko jina la Gibson lililobandikwa.

Kwa hiyo mwombe jamaa mkutane kwa fundi, mfungue vifuniko vyote viwili mbele yake. Nati ikiwa ya shaba na potensiometa zikasema 1997 au 1998, milioni mbili ni bei ya chini mno kwa Les Paul halali. Hapo muulize karatasi za manunuzi, maana inaweza kuwa ya wizi. Ikiwa bandia lakini shingo imenyooka na freti hazikwaruzi vidole, lipia kama gitaa lisilo na jina, na tenga hela ya kubadilisha pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, na potensiometa.