Kriketi ya mezani, vizibo vya soda na maboksi 27 yaliyoota ukungu

Ijumaa iliyopita kijana mmoja wa Pangani alinitumia ujumbe. Amecheza mchezo wangu wa kriketi ya mezani kwa mjomba wake hapa Tanga, umemkaa, na sasa ana wazo lake la mchezo wa mashindano ya ngalawa. Akaniuliza mambo mawili: aanzie wapi, na mfadhili anapatikana wapi.

Hilo la pili nilicheka kwa sauti pale dukani, mpaka mteja niliyekuwa namtolea kopi ya cheti cha kuzaliwa akadhani namcheka jina. Mfadhili! Mdogo wangu, kaka yako alifadhiliwa na karatasi za manila zilizobaki kwenye kazi za watu, na vizibo vya soda nilivyookota kwa muuza duka wa jirani mpaka mkewe akaanza kuniangalia kwa huruma. Ila swali la kwanza ni la haki. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma nanyi mna mchezo wenu umelala kwenye daftari, nitalijibu hadharani.

Nilianza na dadu moja. Kriketi niliijua ya utotoni, ile ya ubao wa sanduku na mpira wa tenisi, matofali matatu yakiwa ndiyo wiketi anayoilinda mpigaji mrushaji asiiangushe. Nikaamua: ukitupa 1, 2, 3, 4 au 6, hiyo ndiyo mikimbio yako, yaani pointi. Ukitupa 5, umetoka. Nikacheza peke yangu usiku mzima nikiandika matokeo, na timu zangu zilikuwa zinapata 140, 170, 155. Nikashangilia, maana ndizo namba unazoziona kwenye mechi za ova 20, ova moja ikiwa mipira sita. Nikamwamsha mama watoto kumwonyesha. Alisema "hongera" akiwa amefumba macho.

Furaha ile ilidumu siku tatu, nikapiga hesabu vizuri. Dadu ina nyuso sita na moja ni kutoka, kwa hiyo wiketi moja inaanguka, yaani mpigaji mmoja anatoka, kila mipira sita. Wiketi kumi zinakwisha kwenye mipira 60, yaani ova 10 tu kati ya 20. Na kila mpigaji, awe bingwa au awe mrushaji aliyeshikishwa gongo kwa sababu zamu yake imefika, kwa wastani anatoka na 16. Jumla inafanana na kweli, njia iliyoifikia ni ya uongo. Kwenye kriketi yenyewe ya ova 20 wiketi huanguka takriban kila mipira 18 hadi 20, na katikati yake kuna mipira mingi ambayo haileti kitu au inaleta moja tu. Ile mipira mikavu ndiyo inayompandisha mpigaji presha. Mimi nilikuwa nimeifuta yote.

Nikahamia dadu mbili, nyekundu na nyeupe. Nyekundu inasoma makumi, nyeupe mamoja, kwa hiyo unapata visanduku 36 kuanzia 11 hadi 66. Nikavigawa: 2 wiketi, 13 hakuna kitu, 13 mkimbio mmoja, 3 miwili, 4 ni nne za mpakani (mpira umefika mpakani mwa uwanja), na kimoja ni sita (umevuka mpaka bila kugusa chini). Ukizidisha kwa mipira 120 unapata kama 137 kwa wiketi sita au saba. Jedwali hili lipo mpaka leo ndani ya boksi langu, na sioni aibu kusema ni zuri.

Baada ya hapo nikaharibu. Uroho wa fundi. Nikaongeza dadu ya tatu nipate visanduku 216. Nikaongeza hali ya uwanja, mpira mpya na mpira uliochakaa, mrushaji wa mkono wa kushoto. Namna ya kutoka nikaipa dadu yake: kuangushiwa wiketi, kudakwa, mguu mbele ya wiketi (mpira ulioelekea wiketi ukazuiwa na mguu wako), kukimbiwa (wiketi kuangushwa ukiwa bado mbioni), kustampiwa (mdakaji wa nyuma kukuangushia ukiwa umetoka mstarini), na kuangusha wiketi yako mwenyewe kwa gongo. Namna sita, nyuso sita, nikajiona nimepewa kipaji. Kanuni zikafika kurasa 14.

Nikaupeleka kwa mzee mmoja, Mtanga mwenye asili ya Kihindi, aliyekuwa na duka la vyuma na ujanani alicheza kriketi ile ya zamani ya Afrika Mashariki, ya kutandika mkeka wa nyuzi juu ya ardhi ngumu badala ya kiwanja cha majani. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani akatupa dadu. Katika ova tano za mwanzo watu wawili walitoka kwa kuangusha wiketi zao wenyewe.

"Mwanangu," akasema, "hili mimi nimeliona mara mbili maisha yangu yote. Wewe unanionyesha mawili kabla kahawa haijapoa."

Alikuwa sahihi. Kudakwa ndiyo njia ya kutoka inayoongoza, na hiyo ya kujiangushia ni adimu. Lakini hilo halikuniuma kama lililofuata. Tulikuwa tumetumia karibu saa tatu. Mechi ya ova 20 kila upande ni mipira 240, na kila mmoja ulikuwa unatuchukua sekunde kama 40 kutafuta kwenye majedwali. Akavua miwani.

"Umetengeneza kikokotoo. Kriketi iko wapi?"

Neno kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kwa mstaafu wa Tanzania mnalijua uchungu wake, basi fikirieni kuambiwa hivyo kuhusu kazi yako ya miezi saba. Nilibeba boksi langu, nikapita Ngamiani barabara hadi barabara bila kusalimu mtu. Wiki mbili sikuugusa. Huu mwaka wa pili tangu aseme, na nikikumbuka bado shingo inapata moto.

Aliyeniokoa ni mzee huyohuyo. Alinipigia simu, nikaenda kwa shingo upande, akanisimulia habari za mwaka 1975. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, Uingereza, ova 60 kila upande, na Afrika Mashariki ilipeleka timu yake, wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia pamoja. Alifuatilia redioni. Siku ya ufunguzi kwenye uwanja wa Lord's, London, Uingereza walipiga 334. India wakaingia kuzifukuza, na Sunil Gavaskar, mmoja wa wapigaji wakubwa wa India, akasimama ova zote 60 akatoka uwanjani na mikimbio 36. Thelathini na sita kwa mipira 174! Watu walikasirika. Siku chache baadaye, mtu huyohuyo, mjini Leeds, hukohuko Uingereza, alikutana na sisi Afrika Mashariki. Sisi tulikuwa tumetoka wote kwa 120. Yeye na mwenzake Farokh Engineer wakazimaliza bila kupoteza wiketi hata moja, yeye peke yake 65.

"Sasa niambie," mzee akasema, "ile 36 ilitoka kwenye dadu gani?"

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Haikutoka kwenye dadu. Mtu aliamua. Aliamua vibaya, wengine watasema, ila aliamua. Mimi nilikuwa nimetengeneza mchezo ambao hauna mtu wa kuamua, mtu kazi yake ni kutupa na kusoma. Umpe nyani dadu zangu, atacheza sawa na Gavaskar.

Jioni ile nilikaa barazani kunywa kahawa, mbele yangu watu wawili wanacheza drafti. Anayezidiwa alikuwa anaongea kuliko anayeshinda. Mikwara mitupu: "sogea uone", "hapo umeingia mtegoni, we kula tu". Na mwenzake alikuwa anasitasita kweli, mkono juu ya kete! Nikajisemea, mrushaji na mpigaji ndio hawa. Mmoja anajua anachotaka kurusha, mwingine anajua anachotaka kupiga, na kila mmoja anamsoma mwenzake usoni.

Kwa hiyo sasa mchezo unakwenda hivi. Kila mchezaji ana vizibo vitatu vya soda vilivyopakwa rangi ndani. Vya mpigaji ni kulinda, kusukuma na kufyeka. Vya mrushaji ni vilevile vitatu, kwa maana ya anachodhani mwenzake atafanya. Kila mmoja anaficha kimoja chini ya kiganja, mnahesabu moja mbili tatu, mnafunua, ndipo dadu zinatupwa. Ukisukuma, unasoma jedwali la kawaida. Ukifyeka, sita zinaongezeka kutoka kisanduku kimoja hadi vitano, na wiketi kutoka viwili hadi sita. Ukilinda, mikimbio inakauka na wiketi inabaki kisanduku kimoja, nacho hakifunguki mpaka mrushaji awe ameotea sawasawa. Akiotea wakati unafyeka, pole yako.

Kurasa 14 zikawa mbili. Namna za kutoka nilizirekebisha: 1 hadi 4 ni kudakwa, 5 kuangushiwa wiketi, 6 tupa tena upate zile nyingine. Ova nikazipunguza ziwe 10 kila upande na wiketi 5, mrushaji mmoja asizidi ova 2, kama ambavyo kwenye ova 20 haruhusiwi kuzidi 4. Sababu ya ova 10 si ya kihesabu. Nilitaka mechi ianze baada ya Magharibi na iishe kabla ya Isha, kwa sababu barazani kwetu muda wa watu kukaa ndio huo. Mipira 120 kwa sekunde 20 ni dakika 40, zinabaki za kubishana. Na watabishana.

Kazi ya kukata kadi, kugombana na wino wa printa na laminesheni iliyokunjamana sitaisimulia, haina faida kwa mtu.

Nitakayoisimulia ni ya maboksi. Nilitengeneza ya kwanza 30 kwa fedha niliyoiweka kwa ajili ya bati la jikoni. Mwenye duka mmoja mjini akakubali kuyachukua mali kauli, akauza anilipe. Kila nikipita, "bado bado, watu wanauliza". Baada ya miezi minane akaniambia nije kuyachukua. Yalikuwa stoo, chini ya ndoo za rangi, hayakuwahi kuona kaunta hata siku moja. Nilihesabu 27, yote yameota ukungu, vizibo vina kutu. Matatu, akasema, labda panya. Panya aliyekula boksi na dadu zake! Na alipokuwa ananikabidhi akaniambia kwa upole kabisa kwamba Watanga hawachezi kriketi. Huyu hajui hata mji anaoishi, lakini sikumjibu. Nilisema ahsante. Hilo la ahsante ndilo linaloniuma zaidi ya maboksi.

Sasa sikilizeni, vijana. Mkitengeneza mchezo, muuweke mezani mapema, ukiwa bado mbaya. Usingoje rangi, usingoje boksi. Na usiucheze na wanaokupenda, maana mama watoto atakwambia hongera akiwa amelala. Tafuta mtu anayekijua kitu unachokiiga kuliko wewe, tena mwenye ulimi. Halafu umsikilize. Wengi wenu hamsikilizi, mimi mwenyewe sikusikiliza wiki mbili nzima. Mnataka mfadhili kabla hamjapata hata mtu mmoja wa kuwashinda kwenye mchezo wenu wenyewe. Mtu akikushinda kwa mchezo uliouunda wewe, akaomba marudio, hapo una kitu. Na uweke mezani mapema, narudia, uweke mapema. Siku hizi kila mtu anataka nembo kwanza. Nimeletewa nembo nne mwaka huu, mchezo hata mmoja hamna.

Mimi sasa nauza mwenyewe, kwenye steshenari yangu, moja moja. Juzi niliuza la 40 tangu yale ya ukungu. Si utajiri, bati la jikoni bado halijapatikana, ila hakuna lililo chini ya ndoo ya mtu.

Mwezi uliopita mzee alitaka tuicheze ile mechi ya Leeds. Tukakubaliana ova zetu 10, yeye akashika Afrika Mashariki, mimi India. Nikaanza kumfyekea nikijua ana haraka, akaniotea mara tatu kwenye ova mbili. Alishinda kwa mikimbio 9. Hakushangilia. Alisimama, akamwita muuza kahawa, akawanunulia watu wote waliokuwa barazani, hata wale wa drafti ambao hawakujua kinachoendelea.

Kwa hiyo wewe wa Pangani, Alhamisi panda gari la asubuhi, baada ya Magharibi utatukuta. Njoo na ngalawa zako hata kama ni mchoro wa penseli kwenye karatasi ya mistari. Vizibo ninavyo, usibebe. Mzee nimeshamsomea ujumbe wako na swali lake ameshaliandaa. Anauliza: kwenye mchezo wako, upepo unatupwa kwa dadu, au kuna mtu anauchagua?