Re: Baa za mvinyo na kokteli mjini Venice
Ndugu, umeuliza kama inafaa kuanzia Harry's Bar ukiwa Venice kwa usiku mmoja tu. Katika baa hiyo, iliyofunguliwa na Giuseppe Cipriani mwaka 1931, ndimo ilimobuniwa kokteli ya Bellini, yaani prosecco (mvinyo wa Italia wenye mapovu) iliyochanganywa na rojo ya pichi nyeupe. Ukumbi wenyewe ni mdogo, hauna mbwembwe, na kwa maoni yangu bei zake ni za kulipia jina. Kunywa glasi moja, kisha uhamie kwenye bacari, vibaa vya mvinyo ambako wenyeji husimama kaunta na glasi ndogo mkononi, wakila vipande vya mkate vilivyopakwa samaki mkavu aliyepondwa kwa mafuta hadi akalainika. Nenda mapema, kwa kuwa baadhi hufungwa mapema, na uulize bei kabla ya kuketi, maana mezani mara nyingi hutozwa zaidi.